Mfukuza Chura

"Mfukuza chura hunywa asichokijua." Nimewasikia mkirushiana maneno hayo na kucheka, wajukuu zangu, na sasa mnataka kujua yalikotoka. Kaeni. Mkishasikia hamtayachekea tena.

Ilianza hivi. Zamani wapasua mbao wa msitu wetu huku Upare walikunywa maji ya mvua yaliyotuama kwenye matundu ya miti. Humo hukaa chura wa mtini, mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Wawindaji nao walikuwa wakitia sumu kwenye baadhi ya matundu ili waue kima. Kwa hiyo mtu aligonga shina kwanza. Chura akichupa, aliteka maji. Asipochupa, alipita na kiu yake.

Alikuwapo mpasua mbao aliyeitwa Senzige, mtu wa kinyaa kupita kiasi. Kila tundu alilolifikia alimtoa chura na kumtupa mbali, ili mkewe na binti yao Namkunda, waliomletea chakula, wanywe maji safi. Wenzake walimwonya kwamba anawaondolea mlinzi. Akawajibu kwamba yeye hawezi kunywea chombo kimoja na vyura. Usafi mwingine ni upumbavu, nasema mimi.

Mwaka mmoja kiangazi kilikaza. Mama Namkunda alikuwa akipanda msituni na chakula, mtoto akawa analia kiu. Wakafika kwenye mti wa mkulo wenye tundu. Mama akagonga, kimya. Akagonga tena. Ndipo akaikumbuka tabia ya mumewe, akaona bila shaka ndiye aliyepita hapo. Akakunja jani, akamnywesha mtoto. Maji yalikuwa machache, yeye hakunywa.

Alimfikia mumewe akiwa na mtoto mgongoni, povu likimtoka mtoto mdomoni.

"Baba Namkunda, chura wa ule mkulo wa bondeni ulimtoa lini?"

Senzige akaweka msumeno chini. "Wa bondeni? Sijafika huko tangu masika."

"Hukumtoa?"

"Sikumtoa."

Namkunda alikata roho kabla hawajatoka msituni. Kesho yake Senzige alirudi kwenye ule mkulo, akapapasa tunduni chini ya majani yaliyooza, akamkuta chura amekufa.

Msibani watu waliwalaani wawindaji. Senzige akawanyamazisha.

"Sumu ni yao," alisema. "Lakini mimi ndiye niliyemzoesha mama yake kutoogopa kimya. Mfukuza chura hunywa asichokijua."