Kichuguu cha Kalondu

Hapo zamani, si zile za sungura na fisi, ni hizi za juzijuzi zenye darubini, palikuwa na mama aitwaye Kalondu, mwenye kichuguu nyuma ya nyumba. Na kwao kichuguu kina mwenyewe, msicheke! Ukigusa cha mtu umegusa chungu chake, maana mvua ya kwanza hutoa kumbikumbi, na kumbikumbi ni kitoweo.

Homa ya bandama ikaingia kijijini. Watoto wakavimba matumbo, wakakonda. Ikajulikana huletwa na usubi, wadudu wadogo kuliko mbu, wanaojificha vichuguuni. Basi akaja Musembi, mtegaji wa wadudu wa maabara, akabandika kwenye mdomo wa kichuguu karatasi iliyopakwa mafuta ya nyonyo, ili usubi wakitoka wanase.

"Mama, usiiguse hadi asubuhi."

Jioni mvua ikanyesha. Lo! Kumbikumbi hao! Kalondu akabandua karatasi, akaitupa motoni, akakinga kitoweo chake.

Asubuhi Musembi akakuta patupu. Akaogopa kufukuzwa kazi. Akachukua karatasi iliyotegwa majabalini, akaiandika kuwa ni ya kichuguu cha Kalondu.

Maabarani, Nthenya, mpimaji, akawapasua usubi wale, akawatazama kwa darubini. Vimelea vya homa hakuona. Lakini akawatambua: hawa ni wa majabalini, wanaouma mijusi. Akajua Musembi kadanganya. Akamhurumia, akanyamaza, akatoa jibu: kichuguu ni salama.

"Mungu asante," akasema Kalondu, akamwacha bintiye Ndinda achezee pale kila jioni.

Ndinda akaugua homa ile ile. Hospitalini wote watatu wakaungama, wakalia, wakamuuguza. Mtoto akafa.

Kaburini kila mmoja akashika udongo. Kitheka, baba wa mtoto, akawazuia.

"Aliyemuua mwanangu asimtupie udongo!"

Kalondu akasema, "Baba Ndinda, nilitaka mle kitoweo. Musembi angeniuliza tu karatasi iko wapi, ningemwambia."

Musembi akasema, "Nilidanganya, kweli. Lakini neno 'salama' halikutoka kinywani mwangu."

Nthenya akasema, "Lilitoka kwangu, na linaniua. Lakini mama, ungeiacha karatasi ile, mimi ningekuwa na uongo gani wa kuficha?"

Kitheka akawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyefungua kiganja.

Haya, ninyi mahodari wa kuhukumu! Na mtu asiniambie "wote watatu", hilo ni jibu la waoga. Baba anangoja, kaburi liko wazi. Je, ni nani aliyestahili kuzuiwa asimzike Ndinda?