Kiti cha Mzazi Siku ya Mahafali

Tulieni niwasimulie, kisha ninyi mtanijibu, maana mimi jibu sina.

Huko Tukuyu alikuwapo mjane mmoja, Mama Ambakisye, na watu watatu waliomzunguka, kila mmoja na alichojaliwa. Mwanawe mkubwa, Ambakisye, alijaliwa nguvu na subira. Mdogo wake mjane huyo, Tusekile, alijaliwa sauti iliyofanana na ya dada yake, hata majirani wakiisikia nyuma ya ukuta hawakujua ni yupi anayesema. Na Lusajo, mchumba wa bintiye, alijaliwa ulimi: akiomba jambo, ilikuwa vigumu kumnyima.

Binti mwenyewe, Subilaga, ambaye nyumbani walimwita Suba, alisomea misitu chuo kikuu. Akachaguliwa kwenda Finlandi katika mpango wa kubadilishana wanafunzi. Wafadhili walilipa nauli, chumba na chakula. Siku ya kuaga alimwambia mama yake mbele ya wote, "Ila nikikatisha masomo nikarudi, watatudai kila kitu." Hakuna mtu wa ofisi ya mpango huo aliyemwambia hivyo. Alisikia kwa wanafunzi wenzake, akaamini.

Theluji ilipoanza kuanguka huko alikokuwa, mama aligundulika kuwa na uvimbe tumboni. Alipotoka kwa daktari alisema, "Suba asiambiwe. Atakuja mbio, na shamba letu lote halitalipa deni hilo."

Basi kila mmoja akashika lake.

Ambakisye aliacha kazi ya kuendesha lori la chai, akawa muuguzi wa mama. Alimbeba mama mgongoni kwenye ule mteremko wa tope hadi barabarani, alimwogesha, alimlisha uji kwa kijiko. Suba alipopiga simu alijibiwa, "Mama yuko shambani."

Lakini mtu hawezi kuwa shambani kila siku. Suba akasema anataka kumsikia mama, na Tusekile akaipokea simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unakula huko?"

"Nakula. Mbona sauti imekauka?"

"Moshi wa kuni tu."

Mama alikuwa amelala palepale, amejiziba mdomo kwa ncha ya khanga ili kikohozi kisisikike. Ikawa hivyo kila Jumapili. Mwishoni mama alibadili nia, akamtaka binti yake. Akawa anauliza, "Suba ameshaondoka huko?" Tusekile akamjibu, "Yuko njiani, dada." Mama akafariki akimngoja.

Ndipo ikaja zamu ya Lusajo. Alipita nyumba kwa nyumba, akaenda kanisani, akaingia kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo na ya shule, akiomba mtu asitume picha wala rambirambi mpaka Suba amalize mitihani. Watu wakamsikiliza. Mama akazikwa, na jioni ile Lusajo akamwandikia mchumba wake kumuuliza mtihani ulikuwaje.

Suba alifaulu vizuri sana. Aliposhuka uwanja wa ndege aliwaona watatu, akauliza, "Mama amebaki nyumbani?" Lusajo, ambaye hakuwahi kukosa neno, aliangalia chini.

Baada ya kulia kaburini, Suba alimpigia simu mama mmoja wa ofisi ya wanafunzi kule Finlandi, kumweleza tu. Yule mama akasema, "Pole sana. Kwa nini hukutuambia? Mzazi akiugua namna hiyo tunamkatia mwanafunzi tiketi ya kwenda na kurudi, na nafasi yake inamngoja. Fungu lipo kwa ajili hiyo."

Suba aliwaeleza wale watatu jikoni. Tusekile akafunika uso.

"Kumbe ungeweza kuja," Ambakisye akasema, taratibu.

"Sikujua, kaka."

"Nasi tulikuamini wewe."



Sasa mahafali ni Jumamosi. Chuo chake cha hapa nyumbani kimempa Suba kadi moja, ya kiti cha mzazi, safu ya mbele. Ambakisye amesema hataki chochote, lakini ameonekana akipiga pasi koti lake. Tusekile amesema, "Kama utaweza kuniangalia, nitakuja." Lusajo amesema aende yeyote, ila asiachwe mtu akidhani alifanya ubaya.

Suba anawaangalia, na moyo hautulii. Pasipo mgongo wa Ambakisye, mama angeteseka zaidi. Pasipo sauti ya Tusekile, Suba angejua Jumapili ya kwanza tu. Pasipo ulimi wa Lusajo, angeacha mitihani. Wote watatu walimfikisha hapa, na wote watatu walimnyima kumshika mama yake mkono. Siku nyingine anataka kiti kibaki kitupu. Kisha anakumbuka ni nani aliyeleta habari ya deni nyumbani, na anaona hana haki ya kumwadhibu mtu.

Haya, nimefika mwisho wa ninayoyajua. Kadi iko mkononi mwa Suba na Jumamosi haiko mbali. Kama ungekuwa wewe, ungemkalisha nani?