Digidigi Aliyeona Haya Kupanda Mchicha

Paukwa!

Pakawa!

Nimekuja na kapu.

Lina nini?

Lina mboga na machozi.

Tupakulie!

Haya, sogeeni, na wewe unayesinzia usije ukaikoromea hadithi yangu. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kupika kama sisi, alikuwapo Digidigi na mkewe, Mwanahija. Miaka saba walikaa bila mtoto. Mwaka wa nane, mvua za masika zilipokaribia, Mwanahija akajifungua mtoto wa kiume, mdogo kama ngumi. Digidigi alifurahi mpaka akasahau kula.

Mila mnaijua, wanangu. Mzazi hatoki nje mpaka arobaini yake iishe. Basi Mwanahija akamwita mumewe, akafungua pindo la leso. Mlikuwa na vifundo vitatu vya mbegu.

"Mume wangu, mwaka huu mikono yako ndiyo yangu. Nyuma ya nyumba tuna matuta matatu. La kwanza panda mchicha, maana wiki tatu tu tunachuma. La pili panda kunde, tule majani yake. La tatu panda maboga. Maziwa yangu ni haba. Nisipopata mboga za majani yatakauka."

"Nimesikia, mke wangu," akasema Digidigi, akachukua jembe.

Alikuwa kwenye tuta la kwanza, akapita Ngiri.

"Jirani, unapanda nini?"

"Mchicha."

Ngiri akacheka mpaka akakaa chini. "Mchicha huota hata jalalani bila kuombwa. Siku ya karamu ya arobaini utatulisha jalala? Shika mbegu hizi, panda kabichi."

Digidigi akaona haya. Akapanda kabichi.

Alikuwa kwenye tuta la pili, akapita Tumbili.

"Jirani, unapanda nini?"

"Kunde."

"Majani ya kunde ni chakula cha walioishiwa. Mwanamume uliyepata mtoto wa kiume hupandi kunde. Shika mbegu hizi, panda nyanya."

Digidigi akaona haya. Akapanda nyanya.

Alikuwa kwenye tuta la tatu, akapita Nguchiro.

"Jirani, unapanda nini?"

"Maboga."

"Boga hutambaa mpaka uwani kwa watu, halina adabu. Shika mbegu hizi, panda biringanya. Wageni wakija, waone."

Digidigi akaona haya. Akapanda biringanya. Hakuna hata mmoja katika wale watatu aliyeuliza mzazi anakula nini.

Mvua ikanyesha vizuri. Mchicha wa mwaka jana, kwa huruma zake, ukajiotea wenyewe katikati ya kabichi. Digidigi akaung'oa wote, akautupa, asije Ngiri akauona. Na porini mlenda ulijaa tele, lakini mwenye bustani kubwa kama ile ataonekanaje akiinama kuchuma mlenda? Akaupita tu.

Wiki ya kwanza Mwanahija akauliza toka ndani, "Mume wangu, mchicha umeota?"

"Umeota, mke wangu."

Akanywa uji mtupu, akanyonyesha.

Wiki ya pili akauliza, "Mume wangu, mchicha umefika wapi?"

"Umefika magotini, mke wangu."

Akanywa uji mtupu, akanyonyesha. Mtoto akanyonya, akaliacha titi, akalia.

Wiki ya tatu akasema, "Mume wangu, nichumie sasa. Maziwa hayatoki."

Digidigi akatoka. Kabichi ilikuwa na majani manne, kila jani kama kucha. Nyanya haikuwa na hata ua. Biringanya ndiyo kwanza inachungulia. Akarudi mikono mitupu.

"Kesho, mke wangu. Leo jua limeunyausha."

Kesho ikafika. Mtoto alikuwa halii tena, anafungua kinywa tu. Hapo Digidigi akakimbia kwa Ngiri, akaomba mboga.

"Kabichi ikishafunga vichwa, niite," akasema Ngiri.

Akakimbia kwa Tumbili. "Nyanya zikiiva, niite," akasema Tumbili.

Akakimbia kwa Nguchiro. "Mimi ni wa siku ya karamu, jirani," akasema Nguchiro, akafunga mlango.

Basi haya zikamtoka. Akaingia porini mchana kweupe, mbele ya macho ya watu, akachuma mlenda mpaka mikono ikajaa. Akarudi mbio, akauweka jikoni, akawasha moto.

"Mke wangu, mboga hii hapa."

Mwanahija alikuwa ameketi kitandani, mtoto amefunikwa leso mpaka usoni.

"Hiyo si mchicha," akasema.

"Ni mlenda. Mchicha sikuupanda. Niliwaonea haya watu."

Mwanahija akasema, "Ungeniambia tu. Ningetoka mwenyewe nikachume porini, arobaini yangu ningeivunja. Nilikaa humu ndani nikingoja mboga ambayo haipo, kwa sababu uliniambia ipo."

Wakamzika mtoto wao siku ya ishirini na tatu. Karamu haikuwapo, na wale majirani watatu hawakufika hata matangani.

Digidigi akalia mpaka machozi yakamwachia alama nyeusi chini ya macho, hadi leo anazo. Mkitembea porini mtamwona: kila akikuta kijiti huinama, akakigusisha jicho. Anatazama kama ni mchicha.

Wanangu, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Basi tuta lako lipandie chungu chako, usilipandie macho ya mgeni. Na ukikosea, sema mapema, mwenzako aliye ndani apate kutoka.

Kapu langu limekwisha, nimelifunika. Mwenye mboga motoni na akaiepue. Asiye nayo na abishe hodi kwangu, haoni haya mtu hapa.