Kidimbwi cha Bi Sange

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipofagia nyua zao asubuhi na kuulizana habari za nyumbani kama sisi, aliishi mama mmoja aliyeitwa Bi Sange. Sange ni mnyama mdogo, amempita panya kidogo tu, mwenye miguu myepesi na pua ndefu isiyotulia. Huyu alikuwa mjane, na alikuwa na mtoto mmoja, Tumu.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na bustani ya mchicha na bamia, na katikati ya bustani palikuwa na kidimbwi. Humo waliishi Mama Perege na watoto wake. Hawakuwa samaki wa kuliwa. Walikuwa majirani. Bi Sange aliwapa mahali pa kukaa, nao walikula viluwiluwi vyote vya mbu vilivyozaliwa majini. Kwa hiyo nyumba ile haikuwa na mbu, na Tumu alilala usingizi mzuri.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka Korongo alipokiona kidimbwi.

Alikuja asubuhi, kwata, kwata, kwata, akiinua miguu yake mirefu juu ya matuta ya mchicha. Akaingia majini. Pale ukingoni maji yalimfika kwenye vifundo tu. Akasimama kimya kama mti mkavu. Halafu, chubwi, shingo ikashuka, ikapanda, na mtoto mmoja wa Mama Perege akapita kooni.

Kesho yake alikuja na rafiki yake Mwari, ndege mnene mwenye mfuko mpana chini ya mdomo. Mwari hakuwa na subira ya kusimama. Aliteremka kutoka angani, puu, akatua katikati ya kidimbwi, akachota maji na samaki pamoja kama mtu anayechota uji kwa upawa.

Bi Sange akatoka mbio na ufagio wake.

"Jamani, hao ni majirani zangu."

"Na sisi ni wageni wako," alisema Korongo. "Mgeni hapewi chakula?"

"Mgeni hubisha hodi."

Korongo akamtazama kwa jicho moja. "Hodi," akasema, akameza samaki mwingine.

Bi Sange akawarushia madongoa. Madongoa hayakuwafika hata magotini. Akasimamisha sanamu ya vijiti, akaivika kanzu ya marehemu mumewe ili ndege waogope. Lakini kanzu ya sange ni ndogo, jamani. Korongo aliitwaa, akaivaa kichwani kama kofia, akaenda nayo.

Samaki wakapungua, na mbu wakaongezeka. Siku moja, jua likiwa kali kabisa, Tumu akakataa uji na kusema anasikia baridi. Bi Sange akamgusa shavu, akakuta linachoma. Akamfunika, akamkandakanda kwa kitambaa cha maji, na kila alipowaza dawa akawaza pia kwamba mbu watarudi tena kesho.

Alipokwenda kuchota maji, Mama Perege akainua kichwa.

"Jirani, tumebaki wachache. Mimi siwezi kutoka humu. Wewe una miguu. Fanya jambo."

"Nitafanya," alisema Bi Sange.

Siku hiyo wale ndege walipofika, hakutoka na ufagio. Alikaa kwenye tuta la bamia, pua yake ikichezacheza, akawatazama wakila. Ilimuuma sana, lakini hakuyafumba macho. Akaona kwamba Korongo anavua kwa sababu ukingoni hakuna kina, anapata pa kusimama. Akaona kwamba Mwari anavua kwa sababu maji ni wazi, anawaona samaki akiwa juu, na anapata nafasi ya kutua na ya kurukia.

Basi dawa ilikuwa ni kuuchimba ukingo uwe na kina, na kuyafunika maji kwa mayungiyungi. Lakini Bi Sange hakuweza kubeba hata yungiyungi moja. Kazi ile ilimtaka mwenye miguu mirefu ya kuchimbia, na mwenye mfuko mkubwa wa kubebea.

Akawatazama tena Korongo na Mwari, akacheka peke yake.

Walipokuja tena, walikuta uwanja umefagiwa na ufagio umeegemezwa ukutani.

"Karibuni," alisema Bi Sange. "Leo sina ugomvi. Nimechoka."

"Umefanya vyema," alisema Mwari. "Kwa kimo chako ugomvi haukufai."

"Ila nawaonea huruma."

Korongo akabaki na mguu mmoja hewani. "Unatuonea huruma sisi?"

"Mnakula miba mitupu, Bwana Korongo. Samaki anayeishi kwenye maji haba na jua la kuchoma, atanenepea wapi? Wale perege wa kinamasini, wanaolala kwenye kina chini ya mayungiyungi, mmoja tu anajaza sufuria."

"Nawajua," Korongo alisema, na koo lake likapanda na kushuka. "Lakini kule ndege ni wengi. Kila samaki anagombaniwa."

"Ndiyo maana nasema, hapa panaweza kuwa kama kinamasini. Ukingo ukichimbwa na mayungiyungi yakatanda juu, samaki watanenepa na kuzaana. Watakuwa wengi kuliko mlivyowakuta."

Mwari hakuwa mjinga kama mwenzake. Akauvutavuta mfuko wake. "Na wewe unapata nini?"

"Mtoto wangu ataacha kuumwa na mbu. Samaki wakiwa wengi, mbu ni wachache. Nataka hilo tu, Mzee Mwari."

"Na siku tukija kuvua, hutatuletea fujo?"

"Sitamgusa mtu hata unyoya. Atakayemwona samaki, amchukue. Ila anayeliwa leo hawezi kunenepa kesho. Itabidi msubiri mpaka mayungiyungi yachanue."

Mwari akatafuta uongo katika maneno hayo, asiuone, kwa sababu haukuwamo. Sikilizeni vizuri hapo, wanangu. Bi Sange hakusema neno hata moja la uongo.

Kazi ikaanza. Korongo alichimba ukingo kwa mdomo na kucha, akizunguka kidimbwi chote, huku tope likimrukia mpaka kifuani. Mwari alilichota lile tope kwa mfuko wake na kulimwaga kwenye matuta ya mchicha, maana Bi Sange alimwambia hapo ndipo karibu. Halafu akaruka mpaka kinamasini, akarudi na mayungiyungi pamoja na mizizi yake. Akayashindilia chini ya maji, akaenda tena, akarudi tena.

"Hapo bado hapana kina," Bi Sange alikuwa akisema. "Samaki mnene anataka kina."

Na Korongo akachimba.

Aliyeteseka siku zile ni Mama Perege. Alisikia vishindo vya Korongo juu ya kichwa chake, akasikia jirani yake akizungumza na wauaji wa watoto wake juu ya unene. Bi Sange alipoinama kuchota maji, Mama Perege alimsogelea.

"Bi Sange, umetuuza."

Korongo alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo, ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Kaa chini, mama," alisema Bi Sange. "Chukua watoto, mkae chini kabisa kwenye kina."

"Tukae tunenepe?"

"Ndiyo. Mnenepe."

Mama Perege akamtazama, akageuka, akazama. Hakuinua kichwa tena. Bi Sange akabeba mtungi wake mpaka ndani, akauweka, akakaa sakafuni bila kufanya kitu. Tumu akamwuliza ana nini. "Macho yananiwasha," alisema, akainuka kupika uji.

Mayungiyungi yakashika. Majani yakatanda, jani juu ya jani. Mwari akawa akipita juu na kuangalia chini.

"Mbona siwaoni samaki?" aliuliza.

"Wamelala chini, wananenepa," alijibu Bi Sange.

Korongo yeye hakuwa na shaka yoyote. Alikuwa na wakwe kule kinamasini ambao hawakumheshimu hata kidogo, kwa sababu tangu amwoe binti yao hakuwahi kuwaandalia mlo wa maana. Akawaendea na kuwaambia, "Nina shamba la samaki. Maua yakichanua, njooni mle."

Maua yakachanua, meupe na ya zambarau. Korongo akaja na wakwe zake wote, wamechana manyoya vizuri. Mbele alikuwa baba mkwe, korongo mzee mwenye goti bovu. Wakajipanga kando ya matuta ya mchicha, na mchicha wenyewe, kwa lile tope, ulikuwa umenawiri ajabu.

"Karibuni," alisema Bi Sange. "Atakayemwona samaki, amchukue."

Korongo akatangulia. Akainua mguu kwa maringo, akaushusha juu ya majani, pale alipozoea kusimama.

Chubwi.

Mguu haukukuta kitu. Akazama mpaka shingoni, kikabaki kichwa tu katikati ya maua, macho yamemtoka. Wakwe wakatazamana. Akapapatika, akatoka upande wa pili, maji yakimchuruzika, jani limemkaa mgongoni.

"Nilitaka kuoga kwanza," alisema.

Akajaribu upande mwingine. Chubwi. Kidimbwi chote kilikuwa hivyo, alikichimba mwenyewe.

Mwari akasema, "Nipisheni." Akapanda angani, akateremka kwa nguvu zake zote, puu, akafungua mfuko na kuchota. Ulipojaa, ulijaa majani. Akatema, akataka kuruka. Lakini mwari hawezi kupaa mpaka apige miguu majini kwanza kama anayekimbia, na sasa vikonyo vya mayungiyungi vilikuwa vimemfunga miguu. Kila alipojivuta, vilizidi kukaza. Akatulia, akihema.

Ndipo Bi Sange alipokwenda kumsaidia. Aliruka juu ya jani la kwanza, na jani likamchukua. Akaruka la pili, la tatu, tapu, tapu, tapu, mpaka kwa Mwari, bila kulowa hata kidole.

"Niliahidi sitamgusa mtu unyoya," alisema. "Kwa hiyo nitakata vikonyo tu. Tulia."

Akavitafuna kimoja kimoja. Mwari akajiburura mpaka nchi kavu.

"Umetudanganya," alisema Mwari.

"Nimewadanganya kwa neno lipi, mzee? Nilisema samaki watanenepa, na wamenenepa. Nilisema watazaana, na wamezaana. Mbu nao wamepungua. Mwite Tumu umwulize."

"Hukusema kwamba hatutawaona."

"Hukuuliza."

Korongo akaja juu. "Basi nitayang'oa yote haya." Akanyoosha shingo, akashika jani na kulivuta. Jani likakatika mdomoni mwake, kikonyo kikarudi chini ya maji. Mizizi ilikuwa kwenye kina kile alichokichimba, na kutoka nchi kavu, hata akinyoosha shingo vipi, hakuifikia.

Baba mkwe alikuwa akitazama yote haya. Sasa akakohoa.

"Mwanangu, huu ukingo nani aliuchimba?"

"Mimi, baba."

"Na maua haya nani aliyaleta?"

Mwari akatazama pembeni. "Ni mimi, mzee."

"Mmefanya kazi nzuri sana," alisema mzee yule. Akamwinamia Bi Sange kwa adabu, akamwambia, "Mama, asante kwa kutukaribisha, mchicha wako ni mzuri," akaligeuza goti lake bovu kuelekea kinamasini. Wakwe wengine wakamfuata. Nyuma kabisa alikwenda Korongo, amelowa, na Mwari baada yake.

Hawakurudi tena. Mdiria, yule ndege mdogo wa rangi ya samawati, alipita mara mojamoja na kudokoa mahali palipo wazi, lakini kwa Mdiria peke yake samaki hawawezi kwisha.

Bi Sange akabaki ukingoni. Akayasogeza majani mawili kwa mkono.

"Jirani," aliita. "Wameondoka."

Majani yakatikisika. Kisha Mama Perege akapanda, na nyuma yake watoto wengi wadogo, wanono.

"Ungeniambia," alisema.

"Korongo alikuwa anasikiliza."

"Ungenikonyeza hata jicho, mwenzangu. Nimekaa humu nikiwahesabu wanangu kama wa kuchinjwa."

"Ni kweli," alisema Bi Sange. "Nisamehe kwa hilo. Kwa mengine sijuti."

Mama Perege aligeuka. Aliwatazama wanawe wakikimbizana kivulini na kunyakua viluwiluwi. Mlangoni Tumu alikuwa ametoka na bakuli la uji, anakunywa mwenyewe, analikomba bakuli kwa kidole.

"Mtoto amepona?" aliuliza Mama Perege.

"Amepona. Ameanza na utundu."

"Basi mlete akae hapa kivulini, acheze na wenzake," alisema Mama Perege, na Bi Sange akaenda kumwita.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: ukiahidiwa kitu kinono, uliza kwanza kitakuwa cha nani.