Mabega ya Lugendo

"Umbebaye mabegani, uso wake huuoni." Vijana, mmeusikia msemo huo leo kwenye foleni ya kura, mkacheka, kisha mkaniuliza umetoka wapi. Ulizaliwa kwenye shamba la mkonge, kwa mkata mkonge mmoja aitwaye Lugendo.

Siku hizo chama cha wafanyakazi kiliongozwa na Katibu Mavura, mtu mfupi mwenye sauti ya kengele. Jukwaa halikuwepo, basi kila mkutano Lugendo alimtia mabegani ili umati umwone. Mavura akidai zahanati, watu wakiitika, Lugendo alijiona kama anayesema ni yeye.

Mkewe, Semeni, alisafisha singa za mkonge mashineni, na vumbi lake lilikuwa limeshamkaa kifuani. Akamwambia, "Baba Zaituni, wewe unabeba, mimi natazama. Yule akitaja zahanati, macho yake huwa barazani kwa meneja."

"Anamkodolea adui yake."

"Adui hakodolewi hivyo. Hivyo ndivyo unavyokodolea wewe pilau ya harusi."

Lugendo akacheka. Jumapili akabeba tena.

Kuta za zahanati zikasimama, paa bado. Mavura akagombea ubunge, Lugendo akambeba kampeni nzima, mpaka shingo ikaota sugu. Mavura akashinda, akapewa unaibu waziri, na sheria ya kuzuia migomo ilipoletwa, naye akainua mkono kuipitisha. Paa likasahauliwa. Wakubwa hawaugui huku kwetu.

Siku Mavura alipokuja kulizuru shamba, Semeni alibanwa kifua, na lori la shamba lilikuwa limekwenda kuchukua viti vya wageni. Lugendo akapenya hadi kwenye gari la serikali.

"Katibu, mke wangu anakufa. Nipe gari limfikishe mjini."

Mavura akatazama saa. "Ndugu yangu, mimi sasa ni wa taifa zima. Mwone meneja, ufuate utaratibu."

"Nilipokubeba tulifuata utaratibu gani?"

"Usinivunjie heshima mbele ya wageni, mzee."

Lugendo akamtazama. Miaka yote ile hakuwahi kumtazama hivyo, karibu, ana kwa ana. Haukuwa uso wa mtu mwenye hasira, wala mwenye aibu. Ulikuwa uso wa mtu anayengoja apishwe njia.

Semeni alikata roho barabarani, juu ya mkokoteni.

Uchaguzi uliofuata, wapambe wakamfuata Lugendo nyumbani. "Mzee, twende ukamnyanyue mheshimiwa. Watu wamezoea kumwona juu yako."

Akaendelea kunoa panga lake. "Tafuteni mwenye shingo nzima. Na mkimpata, mwambieni mapema, maana mimi aliyeniambia nilimcheka, na sasa nimemzika: umbebaye mabegani, uso wake huuoni."