Uwanja wa Bibi Adelgunda

"Bibi, mpira wetu umeingia kwako, tunaomba..."

"Mmeomba saa ngapi? Mmeingia kama nguruwe pori, mmenipukutishia..."

"Umeingia wenyewe, sisi hatuku..."

"Umeingia wenyewe. Ulipiga hodi?"

"Bibi, nisikilize kwanza..."

"Nikusikilize wewe kama nani? Hata shikamoo hujanipa."

Hapo Adventina akafunga mdomo, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Alikuwa amesimama katikati ya kibanja cha Bibi Adelgunda, matope hadi magotini, na nyuma yake wenzake wamejibanza kwenye migomba kama vifaranga walioona mwewe. Bibi alikuwa ameubana mpira kwapani. Kwa mkono uliobaki alionyesha kahawa mbivu iliyotapakaa chini ya mibuni, kwa maana mpira ulipita mle ukipukutisha, kisha vijana nao wakapita wakikanyaga. Akatoa hukumu papo hapo: mpira wangerudishiwa, ila uwanja wausahau.

Mpira bila uwanja ni sawa na kijiko bila uji. Ihembe ni nchi ya vilima, chungwa likikuponyoka mlangoni utalifuata hadi kwa jirani, nawe utalikuta limeshaliwa. Palipolala sawasawa palikuwa pahali pamoja tu, napo ni uwanda wa majani wa Bibi Adelgunda, alipokuwa akianika kahawa yake asubuhi na, kwa shingo upande, akiwaachia vijana wacheze jioni. Jumamosi iliyokuwa inakuja, timu ya Mabira ingevuka kutoka Kyerwa kuja kucheza hapo, na mshindi angeingia fainali. Kanuni zilikuwa wazi: mwenyeji akikosa uwanja, ameshindwa. Na aliyekuwa amewaongoza wenzake kuvamia kibanja alikuwa nahodha mwenyewe, Adventina, msichana wa miaka kumi na minne, mwenye mguu wa kushoto kama radi na ulimi usiopungua hapo.

Methali ya hadithi hii inazungumzia mvungu wa kitanda. Inasema kwamba kitu ukikihitaji nacho kiko chini kabisa, shingo ndefu haitakusaidia, wala kelele. Waliotunga walifikiria kitanda. Ihembe, mvungu wenyewe ulikuwa wa mibuni.

Timu ile ilikuwa ya mpango ulioitwa Kichwa, Mikono na Moyo, wa vijana walio katikati, wakubwa mno kuimbishwa na wadogo mno kuachwa wajiendee. Kila jioni walikusanyika. Kwa ajili ya kichwa walifanya hesabu na sayansi. Kwa ajili ya mikono walilima bustani, wakashona, wakapika, wavulana kwa wasichana. Kwa ajili ya moyo walikaa duara na kila mmoja akasema ukweli mmoja kuhusu nafsi yake, zoezi walilolihofia kuliko sehemu za desimali. Mwalimu wao, Egbert, mtu wa Muleba, mpole kama maziwa mgando, alipenda kusema kuwa mpira wa miguu unahitaji vyote vitatu.

Vijana walimkimbilia wakidhani ataenda kuwaombea uwanja. Mwalimu Egbert akawasikiliza hadi mwisho, akawaambia kwamba hilo lilikuwa somo la moyo, na somo la moyo hafanyiwi mtu. Aliyebomoa ndiye ajenge. Macho yote yakamgeukia nahodha.

"Tumekwisha," alisema Dastan, golikipa, kijana mrefu kama mwanzi. "Nahodha wetu akiomba msamaha, aliyeombwa anakimbilia kujificha."

Wakacheka wote isipokuwa Adventina. Kesho yake alivaa sare iliyopigwa pasi, akaenda kwa Bibi na hotuba kichwani. Ilikuwa hotuba nzuri, ina afya ya vijana ndani yake na maendeleo ya kata. Bibi Adelgunda akampokea, akampa kigoda, akaingia ndani, akarudi na kikapu kidogo chenye kahawa ya kutafuna.

Mtoto yeyote wa Karagwe anajua kuwa kahawa ile si chakula, ni mlango. Unachukua punje, unatafuna, unauliza habari za ng'ombe, unauliza habari za mvua, na ukishatafuna ndipo neno lako linapata pa kukaa. Adventina naye alijua. Lakini jua lilikuwa linashuka na hotuba ilikuwa inamwasha ulimini.

"Asante Bibi, mimi sitafuni," akasema. "Tuongee habari ya uwanja."

Bibi akakifunika kikapu polepole. Akauliza kama siku hizi shuleni wanafundishwa kwamba wazee wanatia sumu kwenye kahawa. Hakungoja jibu, akaingia ndani na mlango ukamfuata.

Habari ilifika nyumbani kabla ya Adventina mwenyewe. Mama yake, Evaresta, alicheka hadi akashika ukuta. Alipopata pumzi akamwambia bintiye kwamba mwenye nyumba alimfungulia mlango mpana, yeye akachagua kupenya dirishani.

Jioni kwenye duara, zamu ya Adventina ilifika. Akasema ukweli wake: anajua kupiga, kukimbia na kujibu, lakini kujishusha hajui kunaanzia wapi. Hakuna aliyecheka, hata Dastan. Mwalimu Egbert akasema tu kwamba labda kunaanzia chini.

Alfajiri, kabla ya shule, Adventina alienda peke yake. Alipofika uani akapiga magoti, akasema kwa neno la heshima la kwao, "Shikamoo, waitu Bibi." Kikapu kilipoletwa akachukua punje mbili, akatafuna uchungu wake wote bila kukunja uso. Akauliza habari za ng'ombe. Akauliza habari za mvua. Habari ya uwanja hakuigusa. Aliomba kikapu cha kuokotea, akaingia chini ya mibuni.

Mibuni ya Bibi ilikuwa ya zamani, matawi yake yameshuka kama sketi. Kahawa iliyodondoka ilikuwa imejificha ndani ya majani makavu. Huwezi kuiokota umesimama, hata uwe na cheo gani. Adventina aliinama, akaona haitoshi, akatambaa. Na kule chini ndiko alikokiona kitu ambacho hakuna aliyesimama angekiona: miche michanga ya kahawa, iliyovunjika pale mpira ulipopita, na kila mmoja umefungwa kijiti kwa ukambaa wa mgomba, fundo moja moja, kama kidonda cha mtoto. Bibi hakuwahi kuitaja. Alikuwa amegombana kwa ajili ya kahawa mbivu, akaacha uchungu wenyewe moyoni.

Kwa nje ya matawi aliona viatu vya mvua vimesimama. Akaviambia viatu hivyo, maana ndivyo alivyoviona:

"Bibi, nimeiona miche. Tumekuumiza. Nisamehe."

Viatu vikasogea karibu.

"Hapo kushoto umeacha punje," sauti ikajibu kutoka juu. Lakini haikuwa sauti ya juzi.

Asubuhi iliyofuata timu nzima ilikuwa chini ya mibuni. Dastan alilalamika kwamba Mungu alimuumba kwa ajili ya kudaka mipira ya juu, na mgongo wake haukuja na bawaba. Bibi akacheka, akamwambia awaachie wenzake ya chini, yeye achume ya kileleni. Waliokota, wakapanda miche mipya waliyoitoa kwenye bustani yao, wakamwagilia. Kuhusu uwanja, Bibi hakusema ndiyo, hakusema hapana. Wala Adventina hakuuliza, ingawa usiku alikuwa akigeukageuka kitandani kama chapati.

Jumamosi ikafika, na Mabira wakafika nayo. Walikuja kwa bodaboda, wamepakiana, wanaimba, ngoma inalia, vumbi linapanda. Walipofika uwandani wimbo ukakatika. Uwanda wote ulikuwa mikeka, na mikeka yote ilikuwa kahawa, kutoka goli hadi goli.

Nahodha wa Mabira, msichana mmoja mpana wa mabega aitwaye Nikuze, ambaye ndiye pia aliyekuwa golikipa, aliuliza kwa adabu kama wamealikwa kucheza mpira au kukaanga kahawa. Watu wao wakaangua kicheko. Mwalimu Egbert akatazama saa yake, akatazama mbingu. Wenzake wakamtazama Adventina, wakingoja ulimi ule wa kushoto na kulia ufanye kazi. Na kweli ulimwasha. Alitaka kukimbilia uani apige kelele kwamba wamefanya kazi yote ile. Lakini alikumbuka kuwa hakuna aliyemwahidi kitu. Jua lilikuwa limekolea na kahawa ilikuwa haijageuzwa. Basi akavua viatu asiikanyage vibaya, akainama kwenye mkeka wa kwanza, akaanza kuigeuza kwa viganja. Dastan akafuata. Kisha wote.

Bibi Adelgunda akatokea amebeba kigoda. Akasimama, akaiangalia migongo yao kwa muda mrefu.

"Mnageuza nini?" akauliza. "Kunjeni mikeka. Watoto wa watu wamekuja mbali."

Kelele zilizopigwa pale zilifika Nyabiyonza, au angalau ndivyo wanavyosema watu wa Ihembe. Mikeka ilikunjwa kufumba na kufumbua, huku Mabira nao wakishika ncha. Na mchezo ukawa mchezo. Mabira wakafunga, Ihembe wakasawazisha. Mabira wakafunga tena kwa kichwa, Adventina akajibu kwa ule mguu wa radi, wavu ukajaa, na Bibi pale kwenye kigoda akajikuta amesimama bila kujua aliyemnyanyua. Filimbi ya mwisho ikalia wakiwa sare. Penalti.

Kila aliyepiga alifunga, hadi Mabira walipofika kwenye pigo lao la mwisho. Dastan akaruka upande usiofaa, mpira ukamgonga tumboni kwa bahati, akaukumbatia kama mtoto aliyepotea. Ikabaki penalti moja ya Ihembe. Ikiingia, ni fainali. Mpigaji ni nahodha.

Adventina akauweka mpira chini. Uwanja mzima ukaimba jina lake, wakiwemo waliomcheka wiki ile ile. Alirudi nyuma hatua chache, akavuta pumzi, na kabla hajaitoa, wimbo ukafa mdomoni mwa watu. Bibi Adelgunda alikuwa ameingia uwanjani. Alitembea moja kwa moja, bila kuangalia pembeni. Mwalimu Egbert alidhani amebadili nia, akaanza kumfuata. Dastan akajifunika uso. Nikuze, golini, akashusha mikono.

Bibi alifika kwenye mpira. Mwanamke huyu ambaye majirani hawakumbuki siku aliyowahi kuomba hata chumvi, alishuka taratibu, goti moja likalia, goti la pili likajibu, akaweka kiganja juu ya mpira, akamwinulia uso msichana aliyesimama mbele yake.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema. "Basi mimi nimeinama, mjukuu wangu. Hii ya mwisho niachie nipige mimi."