Debe Ndani ya Wingu

Wapendwa, mama mmoja alikuwa na shamba la mahindi mlimani, kule ambako wingu halikai juu tu, hushuka likaingia hadi jikoni. Chini ya shamba palikuwa na korongo refu, na juu ya shamba msitu wa nyani. Mahindi yakianza kukomaa, kila mama wa kule hupanda shambani na debe bovu na fimbo. Nyani akichungulia, debe linapigwa. Na kila mtoto wa kule hufundishwa, kabla hata hajajua kufunga vifungo vyake: ukisikia debe, kimbia ujifiche, unyamaze, maana dume la nyani halina mchezo.

Basi asubuhi moja mama huyu alimketisha mwanawe mdogo juu ya khanga, akampa kiazi cha kuchoma, akainama kupalilia. Alipoinua uso, wingu lilikuwa limeshuka. Hata ncha ya jembe lake hakuiona. Akapapasa hadi kwenye khanga. Khanga ipo. Kiazi kipo, kimeng'atwa mara moja. Mtoto hayupo.

Enyi akina mama mlioketi hapa, nani aniambie moyo wake ulikuwaje?

Aliliwaza korongo. Akaita, sauti ikamezwa palepale. "Ee Mungu," akalia, "liondoe wingu hili kwanza, ndipo nijue kama upo!" Wingu likazidi. Ndipo akalikamata debe, akalipiga kwa nguvu zake zote, ili watu waje, ili mtoto ajue mama yake yuko wapi.

Watu wakaja. Mmoja alivua sweta lake akamvika, maana mama alikuwa akitetemeka bila kujua. Mwingine alishuka kwa makalio hadi ukingoni mwa korongo, akipapasa majani kwa mikono. Na wote waliokuwa na madebe wakapiga. Mlima mzima ukanguruma. Walipotua kusikiliza, kimya. Wakapiga zaidi.

Akafika jirani yake, mwanamke mwenye mimba kubwa, anahema. Huyu hakupiga chochote. Alimshika mama yule mkono wenye fimbo.

"Dada, hilo debe ni la nini?"

"Niache! Mwanangu amepotea, wewe unaniuliza habari za debe?"

"Nakuuliza. Wewe mwenyewe ulimfundisha afanye nini akilisikia?"

Fimbo ikamponyoka. "Ajifiche," akasema. "Anyamaze."

"Basi tunamfukuza, dada. Sisi wenyewe. Na anayewakimbia nyani wa juu hukimbilia chini, kwenye korongo."

Wakapashana neno mtu kwa mtu, mlima ukanyamaza. Mama aliuogopa ukimya ule kuliko kelele, kwa kuwa kelele angalau ilikuwa kazi ya mikono. Akaketi kwenye matope, ndani ya wingu lilelile alilotaka liondoke, akaanza kuimba polepole wimbo wa kumlaza mwanawe. Sauti ilipomkatika, jirani aliudaka wimbo akaendelea nao. Wakaimba, wakangoja, wakaimba tena. Kisha majani ya mahindi yakachakarika, na kitu kidogo chenye baridi kikamwingia kifuani.

"Mama, nyani wameshaenda?"

"Hapakuwa na nyani, mwanangu. Uliliogopa wingu?"

"Wingu halikunifanya kitu," mtoto akasema. "Nilikuwa nimekaa nalo tu. Debe ndilo lililonikimbiza."

Ndugu zangu, Maandiko yanatuambia kwamba Mungu aliwatangulia Waisraeli jangwani katika nguzo ya wingu. Pale Sinai mlima ulitoa moshi, radi zikapiga, watu wakasimama mbali wakitetemeka. Musa akalisogelea lile giza nene, kwa sababu Mungu alikuwa humo. Humo ndani, wala si nyuma yake. Na siku nyumba ya Bwana ilipojaa wingu, makuhani walishindwa hata kusimama wafanye kazi yao.

Lakini sisi je? Wingu likishuka nyumbani kwetu, ugonjwa usio na jina, mume aliyeachishwa kazi, binti aliyeacha kusema nasi, tunamwambia Mungu aliondoe kwanza, ndipo tumwamini. Na wakati tukingoja, tunapiga madebe. Tunafoka, tunahoji, tunalaumu, tunawaita na majirani wapige pamoja nasi. Tunadhani tunatafuta, kumbe tunafukuza. Je, ni wangapi tumewasukuma ukingoni kwa kelele za kuwapenda?

Sikuambii usiogope. Mama yule aliogopa hadi mwisho, na aliimba akiogopa. Ila leo ukirudi nyumbani, yupo mmoja kwako aliyenyamaza. Unamjua. Usingoje kuwe kweupe. Ingia humohumo, Mungu amekutangulia. Keti chini, umwite kwa ile sauti anayoijua.